Kutoka Ruiru hadi Thika Bila Barabara

Mwishoni mwa miaka ya hamsini nilikuwa mwalimu wa madarasa ya chini katika shule ya shamba moja la kahawa, nje kidogo ya Ruiru. Siku moja mwalimu mkuu aliniita akaniambia kwamba kuanzia muhula ujao nitafundisha darasa la sita jiografia. Mwenzangu aliyekuwa akilifundisha alikuwa amepata uhamisho wa kurudi kwao Maragoli. Nilifurahi. Kisha nikasoma mambo yaliyotakiwa kufundishwa, furaha ikapungua. Palikuwa na sehemu nzima ya kusoma ramani na kutumia dira.

Chuoni tulifundishwa ramani ubaoni. Mwalimu wetu alichora mto kwa chaki ya buluu, akachora kilima kwa mistari ya mviringo kama kitunguu kilichokatwa katikati, tukanakili, tukafaulu mtihani. Dira sikuwa nimewahi kuishika mkononi.

Nilimwendea yule mwenzangu jioni, nyumbani kwake, nikamweleza shida yangu. Alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye mabega ya askari. Alikuwa ameketi nje akishona kiatu.

"Nitakufundisha," alisema. "Lakini si hapa. Hili ni jambo la miguu."

"Wewe ulijifunzia wapi?"

"Burma," alisema, kama mtu anayetaja soko la jirani. Nilijua alikuwa vitani, lakini hakupenda kusimulia, nami sikuuliza zaidi.

Mkewe alitoka jikoni akipangusa mikono. Alikuwa mwanamke mrefu mwenye sauti iliyoongoza kwaya ya kanisa letu kila Jumapili, na kwa kuwa alinizidi umri nilimwita dada. Alisema naye anataka kufundishwa. Mumewe akamtazama.

"Wewe una darasa gani?"

"Sina darasa. Lakini huyu ni msichana, na wewe ni mume wa mtu. Mkienda kuzunguka kwenye mibuni wawili, Jumatatu mtakuwa habari ya shamba zima. Kwa hiyo nitakwenda. Na kama nitakwenda, sitakwenda kubeba viazi tu."

Ndivyo tulivyokuwa wanafunzi wawili.

Ramani ilikuwa ya shule. Dira tuliiazima kwa meneja wa shamba, Mzungu mzee aliyekuwa akiitumia zamani kukata mistari ya kahawa mpya. Alituandikia na barua ya ruhusa yenye jina la shamba, kwa sababu siku zile hali ya hatari, iliyotangazwa na serikali ya kikoloni kwa sababu ya vita vya msituni, ilikuwa bado haijaondolewa. Ilikuwa imelegea, watu walikuwa wameanza kupumua, lakini Mkikuyu kama mimi bado alitembea na pasi iliyoandikwa mahali anaporuhusiwa kwenda. Mwenzangu na mkewe, watu wa magharibi, hawakusumbuliwa sana. Mimi nikikutwa na ramani mkononi bila maelezo ningeweza kulala ndani.

Somo la kwanza lilikuwa la kusimama. Alitupeleka kwenye uwanja wa kuanikia kahawa Jumamosi mchana, vibarua walipokuwa wamekwisha kwenda, akaniwekea dira kiganjani. Ilikuwa ya shaba, nzito kuliko nilivyotarajia, na ndani yake sindano ilikuwa ikicheza kama samaki mdogo.

"Sasa?" nikauliza.

"Sasa subiri."

Nilisubiri. Niligeuza kiganja huku na huko, na sindano haikutulia.

"Vuta pumzi," alisema. "Dira haipendi mtu mwenye haraka."

Ilipotulia alinionyesha kaskazini, kisha akatandika ramani chini akaizungusha hadi kaskazini yake ikalingana na ile ya sindano. Hapo jambo moja likanifungukia ambalo chuoni sikuwahi kulielewa. Mto Ruiru kwenye karatasi ulikuwa umelala vilevile ulivyolala bondeni, reli ilikuwa upande ule ule reli ilipo, na barabara ya Thika ilinyooka kwenye karatasi kuelekea kule kule ambako lori lilikuwa linanguruma. Nilicheka peke yangu. Dada alicheka pia, lakini yeye alikuwa akinicheka mimi.

Shida yangu kubwa ilikuwa kwamba nilitaka kuigeuza ramani ili maandishi yasimame wima, kama mtu anayesoma gazeti. Kila nilipogeuka, niliigeuza nayo, na kila mara mwenzangu aliirudisha bila kusema neno. Dada hakuwa na shida hiyo. Alikuwa amesoma madarasa machache tu na hakujali maandishi yamepinduka au la. Shida yake yeye ilikuwa mistari ya vilima; hakuamini kwamba mistari ile ina maana. Mumewe alimwambia akunje ngumi, akachukua kalamu ya wino akamchorea mduara kuzunguka kila kifundo, halafu mduara mwingine chini yake, na mwingine, hadi mkono ukajaa. Kisha akamwambia akunjue vidole. Vilima vikalala vikawa bapa, na mistari ikabaki.

"Ahaa!" alisema dada. Alipika na kufua na wino ule siku kadhaa, na kila aliyemuuliza alimwonyesha bonde na mgongo wa kilima.

Tulikwenda Jumamosi nyingi. Tulijifunza kuutazama Kilimambogo, mlima ulioko upande wa Ukambani, ambao mama yangu aliuita Kianjahi kama Wakikuyu wengine. Kutoka kwetu Ruiru ulisimama mashariki kabisa. Mwenzangu alituambia kwamba tukitembea kuelekea Thika utahama. Utarudi nyuma polepole hadi uwe mkono wetu wa kulia. Tulijifunza kulenga mlima kwa dira, kusoma nyuzi zake, yaani namba za pembe kwenye ukingo wa dira, na kuchora mstari kwenye ramani kutoka mlimani kurudi kwetu. Tukipata kitu cha pili cha kulenga, mstari wa pili unakata ule wa kwanza, na pale ilipokatana ndipo tuliposimama. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo peke yangu mistari yangu ilikatana katikati ya bwawa la shamba. Tulikuwa tumesimama pakavu. Lakini bwawa lilikuwa karibu, na mwenzangu alisema si vibaya.

Mwezi wa saba, alipokuwa amebakiza muda mfupi kuondoka, alitupa mtihani. Tungetembea kutoka shuleni hadi stesheni ya Thika, sisi wawili bila yeye. Yeye angekwenda kwa treni atungojee.

"Barabara hamtaifuata, wala reli," alisema. "Mkiifuata reli mtafika, na hamtakuwa mmejifunza kitu."

Tulitoka alfajiri. Mnajua Julai ya kwetu: baridi kavu asubuhi, na ukungu uliokaa juu ya mibuni kama pamba iliyolowa. Kilimambogo haukuonekana. Sikujali sana, nilikuwa na dira. Nilikuwa nimeandika nyuzi za kufuata, na nilijua la kufanya kama huoni mbali. Unachagua kitu kilicho karibu kwenye mstari wako, mti au jiwe, unakiendea, halafu unachagua kingine. Pale pasipokuwa na kitu, dada alitangulia mwenyewe akawa ndiye mti.

"Kushoto kidogo," nilimwambia. "Kidogo tena. Hapo hapo!"

Naye alisimama akinyoosha mikono kama msalaba, mpaka nimfikie.

Tulivuka mto Theta juu ya mawe, tukiwa tumeshika viatu mkononi, na maji yale yalikuwa baridi hadi kwenye mifupa. Ng'ambo tuliingia kwenye mkonge. Mkonge ni mahali pabaya pa kupotelea, mistari yote ni sawa na kila njia inafanana na ile uliyotoka, lakini tulipita salama na tukatokea mahali nilipotarajia, kwenye njia ya toroli za shamba. Nilijivuna. Tuliketi tukala viazi vitamu, dada akaimba wimbo wa kwao kwa sauti ya chini.

Hapo ndipo manyunyu yalipoanza. Dada alikuwa na mwavuli mweusi, mkubwa, wa chuma imara, aliouleta kutoka kwao. Aliufungua akaja karibu yangu ili sote wawili tukae chini yake, maana sikutaka dira na ramani vilowe. Tuliendelea hivyo, bega kwa bega, yeye ameshika mwavuli katikati yetu na mimi nimeshika dira kifuani. Nilichagua mti, tukauendea. Nilichagua mwingine.

Baada ya muda mrefu nilianza kuona kwamba ardhi haikubaliani nami. Ramani ilisema tutembee mahali pa tambarare, na sisi tulikuwa tunapanda. Udongo ulikuwa mwekundu zaidi. Mabonde yalikuwa na kina. Nilimwambia dada labda ni kijilima kidogo kilichosahauliwa na wachoraji. Mtu akishaamini anachokifanya hupata sababu za kila namna.

Tulipanda mgongo mmoja mrefu, na juu yake tukakuta migomba. Ilikuwa imeota ovyo, imejaa majani makavu yasiyopunguzwa na mtu, na chini yake palikuwa na jiwe la kusagia limelala kifudifudi. Tukatembea kidogo, migomba mingine, na mti wa mlimao wenye malimau yaliyoanguka yakaoza chini. Hapakuwa na nyumba hata moja.

"Wenyewe wako wapi?" aliuliza dada.

Nilikuwa nimekwisha kujua kwamba tumetoka nje ya mashamba ya Wazungu, tumeingia upande wa kwetu, mahali ambapo pasi yangu haikusema niwe. Na nilijua wenyewe wako wapi. Miaka michache kabla ya hapo watu wote wa migongo ile waliamriwa kubomoa nyumba zao na kuhamia kwenye vijiji vya amri, nyumba zimebanana, handaki limezunguka, lango moja na walinzi. Nyumbani kwetu kulikuwa hivyo pia. Mama yangu alikuwa akiishi katika kijiji cha namna hiyo ng'ambo ya Ndarugu.

"Wamehamishwa," nilimwambia.

Mbwa akabweka mbele yetu ndani ya ukungu, na sauti ya mwanamume ikasema kwa Kikuyu tusimame hapo hapo.

Walikuwa wawili. Mmoja kijana mwenye bunduki, na mwingine mtu mzima mwenye koti refu la jeshi lililochakaa mikononi. Homugadi, Wakikuyu wenzetu waliolinda vijiji kwa niaba ya serikali, ndivyo tulivyowaita, ingawa siku hizo walikuwa wamekwisha kubadilishiwa jina. Yule mkubwa alichukua pasi yangu akaisoma pole pole.

"Hapa si Ruiru, na si Thika," alisema.

"Ndiyo, baba. Tumepotea."

Ndipo alipoiona ramani. Aliivuta mkononi mwangu, akaitazama, akamtazama kijana wake. Watu kama yeye ndio waliosimama pale kwetu siku nyumba ya baba ilipobomolewa, na sikuwa nimewahi kuzungumza na mmoja wao ila kujibu nilichoulizwa.

"Mtu mwenye ramani hapotei," alisema, sasa kwa Kiswahili ili dada naye asikie. "Nyinyi mmetumwa. Mnawachorea njia watu wa msituni?"

"Afande," alisema dada, "ungeona tunavyoisoma, usingesema hivyo."

Kijana mwenye bunduki alicheka kisha akajikaza. Yule mkubwa hakucheka, lakini hakukasirika pia. Aliichukua dira pia, akaisoma barua ya meneja, akaikunja, akasema hawezi kutuachilia wala kutufunga. Chifu atapita mchana, yeye ndiye ataamua. Alitupeleka kwenye kibanda cha walinzi kando ya lango la kijiji, tukakaa kwenye benchi. Mwanamke mmoja aliyekuwa akipita na mtungi alitutazama, akarudi baadaye na uji wa moto kwenye kibuyu, akaniambia kwa Kikuyu, "Kunywa, mwanangu, unatetemeka." Nilikunywa, nikampa dada.

Tulikaa. Dada alishika mkono wangu. Kadiri jua lilivyopanda ukungu uliinuka kutoka mabondeni vipande vipande, na mara moja, bila kutangaza, Kilimambogo ukatokea. Ulikuwa mbali kuliko nilivyowazia, tena haukuwa mahali nilipoutarajia.

Nilisimama. "Baba, niruhusu nitazame dira."

"Ya nini?"

"Nijue tuko wapi."

"Mimi nakwambia mko wapi. Mko kwangu." Lakini alinirudishia dira na ramani.

Nilikaa tena kwenye benchi nikaiweka magotini, nikasubiri itulie. Dada, ili kunipa nafasi, aliuchukua mwavuli wake uliokuwa umeegemea goti langu akaupeleka ukutani. Sindano ikageuka. Niliiona kwa macho yangu. Ilizunguka pole pole kwenda mahali pengine kabisa, ikatulia.

"Dada," nilisema, "lete tena mwavuli."

Aliuleta. Sindano ikaufuata. Akaupeleka, sindano ikarudi. Tulitazamana.

"Mwavuli wangu," alisema dada kwa masikitiko, "umetutembeza asubuhi nzima?"

Yule askari alikuwa amekuja kusimama nyuma yetu. Alitaka kuona tena, kwa hiyo tukamwonyesha tena, halafu yeye mwenyewe akajaribu kwa bunduki ya kijana, na sindano ikaruka. Akasema "Ngai!", yaani Mungu, kwa sauti ya chini. Nilikwenda uwanjani, mbali na chuma chote, nikaulenga Kilimambogo. Kisha nikatafuta kitu cha pili. Mashariki, mahali anga lilipokuwa limesafika, palikuwa na moshi mwembamba na chini yake dohani ya kiwanda cha Thika. Nikailenga nayo. Nilitandika ramani kwenye nyasi. Mpaka siku ile tulikuwa tumeikunja ili uonekane ule upande wa Ruiru na Thika tu, mashamba na reli. Sasa ilinibidi niikunjue yote. Nilichora mistari yangu miwili, nikaweka kidole pale ilipokatana.

"Tuko hapa."

Aliinama. "Kijiji hakipo," alisema.

Kweli. Pale palikuwa na mgongo mtupu. Lakini kuuzunguka, juu ya migongo yote, mmoja baada ya mwingine hadi pembeni ya karatasi, palikuwa na vidoa vidogo vyeusi, vimetawanyika kama ulezi uliomwagika.

"Na hivi ni nini?"

"Ni nyumba, baba. Ramani hii ilichorwa kutokana na picha zilizopigwa na ndege kabla ya vijiji. Kila nyumba ambayo ndege iliiona, waliichora."

Alipiga magoti kwenye nyasi zenye umande, akaniuliza mto ni upi. Nilimwonyesha. Akauliza kijito kinachoingia kwenye mto ni kipi, nikamwonyesha. Kidole chake kikubwa kilikwenda pole pole kando ya kijito, kikapanda mgongo, kikasimama.

"Hapa," alisema. "Hizi nne. Hii ni ya baba yangu. Hii ya mama yangu mdogo. Hii nilijenga mimi nilipooa." Akamwita kijana aje aone, na kijana akapiga magoti upande wa pili, bunduki ameiweka mbali kabisa.

Nami nilikuwa nimeanza kutafuta. Nilifuata Ndarugu kupanda juu, nikapita mahali pa daraja la magogo, nikahesabu vijito kama nilivyovivuka nikienda shule utotoni. Kati ya viwili vyembamba palikuwa na vidoa vitatu vimekaribiana, kimoja kimejitenga kidogo. Dada aliona kidole changu kimesimama, akaweka mkono mgongoni pangu.

"Kwenu?" aliuliza.

Niliitikia kwa kichwa.

Yule askari alinitazama. Najua alielewa, kwa sababu aliona kidole changu kilipokuwa. Hakuniomba msamaha, wala mimi sikungojea aniombe. Hata leo siwezi kusema kwamba nilimsamehe mtu pale. Nilishangaa tu kwamba mtu aliyelinda lile lango alikuwa na nyumba nne zake kwenye karatasi, na zote alikuwa amezibomoa kama sisi.

Hakumngojea chifu. Alisema akija atamwambia walimu wamepita. Alitusindikiza mwenyewe hadi mtoni, maana mbele palikuwa na kituo kingine na pasi yangu ingeleta maneno. Dada alitangulia, mwavuli ukiwa begani mbali na mimi. Nilipotembea kando ya askari yule, aliniuliza ndege ile ilipita lini. Nilisema sijui hasa, labda miaka kumi iliyopita.

"Basi naikumbuka," alisema. "Ilipita ikarudi, ikapita ikarudi, kama mtu anayelima. Tulikuwa tunapalilia maharagwe. Watoto waliipungia mikono."

Kwenye daraja alisimama, akatuonyesha njia ya kushukia Thika, akageuka.

Tulifika stesheni jua likiwa limeanza kushuka. Mwenzangu alikuwa akitembea huku na huko kwenye jukwaa, na mtu yule ambaye sikuwahi kumwona akiharakisha jambo alikuja mbio alipotuona. Alimshika mkewe mabega mawili. Kisha akajitoa, akarudi kuwa mwalimu.

"Mmepitia wapi?"

Nilitandika ramani kwenye benchi ya stesheni nikamwonyesha yote, mahali mvua ilipoanza na mahali tulipoanza kuacha mstari. Nilipofika kwenye mwavuli aliziba uso kwa kiganja. Nilidhani amekasirika. Alikuwa anacheka.

"Hilo sikuwafundisha," alisema. "Burma hatukuwa na miavuli."

"Tumefeli?" aliuliza dada.

"Mlipotea, mkajua mmepotea, mkajitafuta mkajipata," alisema. "Sijui mtihani mwingine." Akatununulia chai na mandazi kwenye duka la Mhindi mkabala na stesheni, tukapanda treni ya jioni kurudi Ruiru. Dada alilala njia nzima.

Waliondoka mwezi uliofuata. Sikuwaona tena, ila dada alinitumia salamu kila Krismasi kwa miaka mingi, na mara moja ndizi zilizokaushwa.

Kabla sijarudisha ramani kabatini, niliiweka kwenye kioo cha dirisha la darasa, nikatandaza juu yake karatasi nyembamba ya kufungia mkate, nikanakili kwa penseli Ndarugu na vile vijito viwili na vidoa vitatu. Nilipopata ruhusa ya kumtembelea mama, nilikwenda nayo. Alikuwa akimenya viazi ndani ya kijumba chake kidogo cha kijijini, ambamo ukinyoosha miguu unagusa moto. Nilimweleza. Mama hakujua kusoma, na nilikuwa nimejiandaa kumfundisha, nikunje ngumi, nimchoree vifundo. Haikuhitajika. Alipoona tu vile vijito viwili aliuchukua mkono wangu akausogeza pembeni.

"Hii ni nyumba ya baba yako," alisema. "Hii ni yangu. Na hii uliyoitenga?"

"Nilidhani ni jiko la bibi."

"Si jiko. Jiko la bibi yako lilikuwa limeshikana na mgomba, lisingeonekana na ndege. Hii ni ghala." Akaitazama tena. "Na njia ya kuendea maji hamkuichora."

"Haikuwa kwenye ramani, maitu," nilimwambia mama.

Alichukua kijiti cha mkaa kando ya moto akaichora mwenyewe, ikapinda mara mbili, ikapita kwenye jiwe ambalo sote tulipumzikia na mitungi, ikashuka hadi mtoni. Halafu alichora na njia ya kuendea kwa shangazi, na mpaka wa shamba la jirani ambaye walikuwa hawasemezani. Karatasi ikajaa mkaa. Viazi vilikuwa vimeanza kuungua, nikavigeuza.

Wapima ardhi walipokuja kugawa mashamba upya, mama alipewa kipande upande mwingine wa mto, na ile karatasi haikumsaidia chochote. Hakuitoa hata kuwaonyesha. Alijenga huko nyumba ya mabati, akapanda kahawa alipopata ruhusa, akaishi humo hadi uzeeni. Mimi nilianza na darasa la sita mwezi wa tisa. Siku ya kwanza niliwatoa wote nje, nikawapanga uwanjani, nikawaambia wanyooshe mkono kuelekea nyumbani kwao. Mikono ilikwenda kila upande. Nikawaambia wasiishushe kwanza, nikaanza kupita katikati yao na dira.